Ndoo Mbili za Dokta Shadrack
Dokta Shadrack alizizunguka zile ndoo mbili mara tatu, akikwepa samadi kwa viatu vyake vya kung'arishwa. Zilikuwa juani, uani kwa Luhende pale Majimoto, na maji yake yalikuwa mekundu.

Miaka sita ya usomi ilikuwa humo ndani. Ndoo zote alizitia rangi ya mikeka na dawa ya sindano ya ng'ombe, vitu ambavyo wenyeji, alisema, wanavimwaga mtoni bila haya. Kisha moja tu akaitia unga wake mweupe, oksidi ya zinki yenye chembe ndogo ajabu. Unga ukipigwa na jua, rangi na dawa vingesambaratika. Ndoo ya pili ingebaki nyekundu, ili Monika, mkaguzi wa wafadhili, aone kwamba kazi ni ya unga, si ya jua. Asiporidhika, mradi unafungwa.

"Mama, koroga zote mpaka turudi," alimwambia Nyanzala, mke wa Luhende.

"Ni za nini, baba?"

"Sayansi hiyo. Wewe koroga tu."

Yeye na Monika wakaenda kula wali kwa mtendaji wa kijiji. Huko Shadrack alihubiri saa tatu nzima jinsi watu wa vijijini wasivyojua maji. Wali wake ukapoa.

Waliporudi, maji ya ndoo zote mbili yalikuwa meupe pe.

Monika akachungulia moja, akachungulia nyingine. "Dokta, kumbe hata isiyo na unga imetakata? Basi hiyo ni kazi ya jua. Na jua la Katavi hatulilipii."

Shadrack aliichukua chupa ya unga, akaimwaga yote kwenye shimo la taka. Machozi yalikuwa yanamlenga, msomi wa watu. Gari likaondoka bila hata kwaheri.

Nyanzala aliumia sana.

"Mgeni gani huyu asiye na shukrani?" alimlalamikia mumewe. "Ndoo moja ilikubali vizuri, ya pili ikamgomea. Nimekoroga mpaka mkono unauma, nyekundu vilevile! Sasa nimuache mgeni wangu aaibike mbele ya yule mama? Nikaimwaga, nikamjazia maji ya kisimani."