Wilaya Inayofanya Vizuri

Donge la udongo lilipiga kioo cha mbele cha gari kabla dereva hajazima injini.

"Rudini mlikotoka!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka juu ya njia. "Mmekuja kuhesabu nini? Makaburi?"

Mtakwimu wa wizara alishuka hivyo hivyo. Kazini walimwita Mama Asilimia, tena nyuma ya mgongo wake, kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu kosa hata la nukta moja. Na leo alikuwa amekuja na hasira zake mwenyewe, wala hazikuwa ndogo.

Wiki iliyopita alikuwa akiandaa kitabu cha uzalishaji wa viungo nchini kwa miaka thelathini. Pilipili manga ilipanda na kushuka. Mdalasini uliporomoka, ukajikongoja, ukaporomoka tena. Iliki ilikuwa ikififia kila mahali, isipokuwa wilaya hii moja ya milimani. Hapa, mvua inyeshe isinyeshe, kwa miaka kumi na miwili iliki ilikuwa imepanda kwa kiasi kilekile: asilimia mbili kila mwaka.

"Mmea gani unaota kwa rula?" alimuuliza mkurugenzi wake.

"Wewe chapisha," mkurugenzi alijibu bila kuinua macho. "Hesabu hizo zimepita mezani kwako kila mwaka, leo ndiyo zimekuchefua? Usinitafutie balaa."

Ndiyo maana alikuja kujionea.

Bwana shamba wa wilaya, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, alisimama katikati ya wakulima. Hakumpa mkono.

"Nionyeshe iliki," Mama Asilimia alisema.

"Nifuate."

Walipanda mlima karibu saa nzima, wakulima wakiwafuata kwa nyuma. Huko juu, chini ya miti ya kivuli, pale ambapo vichaka vya iliki vilipaswa kumzidi mtu kimo, palikuwa na magugu matupu.

"Majani yalipigwa mistari ya njano," bwana shamba alisema. "Vichaka vikadumaa, vikafa. Misimu mitatu tu, hakikubaki kitu."

"Na wewe ukaendelea kutuandikia mavuno! Miaka kumi na miwili unalidanganya taifa zima, mzee wangu, huoni hata haya?"

Watu waliguna. Yule mwanamke wa donge alimsogelea hadi pumzi zao zikagongana, lakini bwana shamba akamzuia kwa mkono. Akachomoa faili kwapani. Zilikuwa nakala za ripoti zake, kila moja ikiwa na muhuri wa kupokelewa wizarani. Mavuno ya iliki, mwaka wa kwanza: sifuri. Wa pili: sifuri. Mama Asilimia alifunua zote mpaka mwisho. Mzee hakuwa ameandika kitu kingine.

"Na hizi ni barua zangu za kuomba miche mipya isiyo na ugonjwa," alisema. "Kila mwaka barua. Majibu yenu ndiyo hayo."

Majibu yote yalikuwa na mstari mmoja: *Miche ni kwa wilaya zilizoanguka. Wilaya yako inafanya vizuri.*

"Mume wangu aliisubiri hiyo miche," yule mwanamke alisema. Sasa hakupaza sauti, na ilitisha zaidi. "Alipochoka akaenda kuvunja mawe machimboni. Tukamfukua kwenye kifusi. Wanangu watatu wameacha shule. Nenda kawaambie wakubwa zako tunafanya vizuri."

Mama Asilimia alihisi uso ukimuwaka.

"Dada yangu, nakuapia. Aliyezigeuza sifuri hizi nitamsaka. Nikimpata namleta hapa, mbele yako, nikiwa nimemshika mkono."

"Mlete. Sisi tupo."

Kesho yake asubuhi aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi, akazibwaga zile nakala mezani.

"Wewe!"

Mkurugenzi alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Midomo ilimkauka. "Sikugusa kitu. Ripoti zinaingizwa kama zilivyokuja. Kompyuta ndiyo inayojumlisha."

"Kompyuta haizaliwi na uongo. Kuna mtu aliifundisha."

"Basi twende tukamuone!" mkurugenzi alifoka, akakisukuma kiti kikaanguka. "Maana umenitukana vya kutosha."

Walimkuta fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye mvi, akifuta miwani. Alifungua jedwali kuu la viungo, akaingia kwenye kanuni zilizofichwa nyuma ya safu ya iliki, akasoma taratibu. Halafu akaivua miwani yake.

"Sema," Mama Asilimia alimhimiza.

"Kanuni inaichukulia sifuri kuwa ni ripoti ambayo haijafika. Kwa hiyo inachukua mavuno ya mwaka uliotangulia, inaongeza asilimia mbili, inaendelea."

"Nani aliyeiandika?"

Fundi alimtazama, kisha akainamisha macho. "Mama, mimi naona niirekebishe tu, yaishe."

"Yaishe? Kuna watu wamezika kwa ajili ya hiki kitu! Nataka jina, na nalitaka sasa hivi."

Fundi alishusha pumzi, akamgeuzia kioo. Chini ya kanuni mwandishi alikuwa ameacha maelezo, na tarehe yake ilikuwa ya miaka kumi na miwili nyuma: *Nimeweka hivi kwa muda tu, ili kitabu cha mwaka huu kiwahi kuchapishwa. Nitarekebisha nikirudi kutoka likizo ya uzazi.*

Lilifuata jina la Mama Asilimia mwenyewe, kamili, la kwanza hadi la ukoo.