Karatasi ya Upasuaji

"Faili hakuna," karani wa hospitali alisema kwa mara ya tatu, macho yake kwenye simu. "La miaka tisa? Hayo yalichomwa zamani."

Turinah hakuondoka dirishani. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane na nusu. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya Dieng kwa pikipiki na mabasi mawili, na safari hii alileta kila alichodaiwa siku mbili za mwanzo: barua ya mkuu wa kijiji, nakala ya kitambulisho, mhuri.

"Kaka, sitaki faili zima. Nataka karatasi moja tu, ile ya upasuaji."

"Mama, nenda kapumzike. Utakuja kuzalia hapa."

"Basi nitazalia hapa."

Paryono, mumewe, alimvuta mkono. "Mama Ratri, twende. Kubali kisu, yaishe."

"Kwani wewe ulishakatwa?"

Paryono akamwachia mkono.

Yote yalianzia kwa Daktari Hendarto, bingwa wa uzazi wa hospitali ya kwao milimani. Turinah alimwambia kwamba huyu wa pili anataka kumzaa kwa njia ya kawaida. Alipomzaa Ratri, enzi hizo akifanya kazi huku bondeni kwenye kiwanda cha kope za bandia, uchungu ulimsumbua siku mbili, akachomwa sindano ya usingizi, akazinduka tumbo limeshonwa. Kidonda kikatunga usaha. Miezi mitatu hakuweza kumbeba mwanawe. Maziwa yakakauka, na kazi ikaenda.

Daktari alilitazama kovu akacheka. "Fundi gani huyu alikushona? Alidhani anafunga gunia la viazi?" Kisha akauliza, "Na kizazi chenyewe alikikataje?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimelala."

"Ninyi akina mama! Unabeba kovu miaka tisa hata hujui umekatwaje! Kovu la nje halinielezi la ndani. Kama alikata chini, kwa upande, tunaweza kujaribu, nikikuangalia kwa karibu. Kama alikata kwenda juu, hakuna mjadala. Niletee karatasi. Bila karatasi, Alhamisi ijayo nakupasua."

Turinah akamtajia hospitali.

"Ah, pale. Napajua. Wagonjwa kama siafu. Anayekata hana hata nafasi ya kumtazama mtu usoni."

Alitoka kwa hasira. Jioni ile alikwenda kwa Bibi Karsi, mkunga wa kijijini, ambaye alimpapasa tumbo kwa mafuta ya nazi na kusema, "Mtoto kakaa vizuri. Achana na makaratasi yao, mwanangu. Nimezalisha watatu wenye makovu, na wote wanapalilia viazi mpaka leo." Wakakubaliana: karatasi isipopatikana, atajifungulia kwake.

Na sasa karani anamwambia faili hakuna.

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Mzee mmoja mwenye plasta mguuni akapaza sauti, "Wewe kijana, mpe huyo mama karatasi yake nasi tuhudumiwe! Au unangoja azae ndipo umtafutie?"

Watu wakacheka. Karani akasonya, akaingia nyuma. Alirudi baada ya saa nzima, vumbi mabegani, na bahasha ya kahawia mkononi. Kumbe mafaili yalichomwa kweli, ila karatasi za upasuaji ziliwekwa kando, kwenye maboksi ambayo hakuna aliyetaka kuyafungua.

"Una bahati," alisema.

Turinah aliisoma ndani ya basi, mbele na nyuma, mara tatu. Paryono alipouliza imeandikwa nini, aligeukia dirishani. Walipofika kijijini na kupita mlangoni kwa Bibi Karsi, hakusimama.

Kesho yake asubuhi aliiweka mezani kwa Daktari Hendarto.

"Kumbe ilikuwepo! Mnapenda tu kulalamika." Akavaa miwani, akaanza kuyasoma kwa sauti yale maandishi ya taipu. "'Mtoto amelala kukingama. Sehemu ya chini ya kizazi haikutosha. Mkato ukaendelezwa wima hadi juu.'" Akagonga mstari ule kwa kidole. "Basi, mama, ndiyo hivyo. Hakuna cha kujaribu. Uchungu ukianza tu, kizazi hiki kinaweza kupasuka. Ungezalia kijijini, tungekuzika na mwanao."

"Endelea kusoma, Daktari."

"'Mama aelezwe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mimba yoyote itakayofuata, upasuaji kabla ya uchungu.'" Akainua macho. "Ulielezwa?"

"Na nani? Niliambiwa nikanyonyeshe."

Daktari akapiga meza hadi kalamu ikaruka. "Miaka tisa! Mtu anaandika mwenyewe aelezwe, halafu anakwenda zake! Huu si usahaulifu, mama, huku ni kuua. Mtu kama huyu ananyang'anywa cheti! Mimi mwenyewe nitaandika malalamiko leo hii, mbele yako. Nani huyu?"

"Jina liko nyuma."

Akavuta karatasi tupu, akaandika tarehe juu yake. Kisha akaigeuza ile ya upasuaji. Kalamu ikabaki hewani. Nje, nesi aliita mgonjwa mwingine, akaita tena.

Jina na sahihi vilikuwa vyake mwenyewe, Hendarto.

Turinah alivuta kiti karibu na meza, akakaa taratibu, mkono mmoja tumboni.

"Haya, Daktari," alisema. "Nieleze."