Mkono Usiopokelewa

Paliondokea Nguchiro mmoja, mshabiki mkubwa wa Chui. Chui na Fisi walipogombea ufalme, Nguchiro alilijaza moshi shimo la jirani yake Kicheche, kisa jirani huyo alikuwa upande wa Fisi. Mtoto wa Kicheche akafia humo.

Haukupita muda, Chui na Fisi wakapeana mkono hadharani, wakatawala pamoja. Nguchiro akakimbia kwa Kicheche akiwa na furaha, akanyoosha mkono.

"Jirani, wakubwa wamepatana. Nasi tuyamalize."

Kicheche akautazama ule mkono. "Wao waligombea kiti, na kiti bado kipo. Mwanangu yuko wapi?"

Nguchiro akasimama pale, mkono ameunyoosha, hata ukamuuma, akaushusha mwenyewe.