Jibu Lenye Shaka

Tangu magari yaamriwe kumhoji dereva kabla ya kuwaka, Tanga haijazika mtu wa ajali. Bi Mwanahawa alikuwa akiwasifia watu gari lake, hadi asubuhi hii, alipotaka kumkimbiza hospitali bintiye Ramla, aliyehangaika na pumu kiti cha nyuma.

“Dereva, tutafika salama?” gari likauliza.

Siku zote hujibu ndiyo. Leo hofu ilimtangulia.

“Inshallah.”

“Jibu lina shaka. Pumzika dakika tano.” Milango ikajifunga.

Alipoulizwa tena, neno likamponyoka vilevile. Dakika tano nyingine. Kifua cha Ramla kilipiga miluzi.

Mara ya tatu akalimeza. “Ndiyo. Tutafika.”

Gari likaondoka taratibu.

“Hongera, dereva,” likasema. “Hata abiria wa nyuma sasa ametulia.”