Nyumba za Chini ya Kanisa

Mzee Nikolausi Akonaay alipiga magoti kando ya kaburi la mkewe, akanyoosha futi kamba kutoka kichwani hadi miguuni. Futi sita na nusu. Akaandika kwenye daftari, tarakimu zikipinda kana kwamba ameziandika akiwa juu ya trekta.

"Baba, na kaburi nalo?" Benedikta, binti yake, alikuwa anapita na ndoo kichwani. Chemchemi iko mbali, saa nzima kwa miguu. "Bomba gani litapita makaburini?"

"Ndiyo maana nalipima. Likionekana kwenye ramani, hawatamchimbua mama yako."

Benedikta akaendelea na njia yake. Habari za mradi wa maji alizisikia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi. Sasa ana watoto wanne, na ndoo ni ileile.

Hata mzee mwenyewe hakuamini sana. Alikuwa seremala, fundi wa milango na makabati, watu walimfuata hata kutoka mji wa Daudi. Kisha biashara ikawa huria, magari yakapandisha viti vya plastiki na milango ya kiwandani, karakana yake ikabaki ya kulaza mbuzi. Kisha mkewe akafa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na daktari akamwambia ugonjwa huo hauna dawa. Alikuwa amebakiza starehe moja tu, kuchora vitu vya mbao ambavyo hakuna atakayevinunua. Nayo ikamponyoka. Penseli haikutoa tena mstari ulionyooka.

Mwalimu Ludovika, mgeni kutoka Songea aliyefundisha hesabu sekondari, alimkuta Jumapili moja nyuma ya kanisa akichana karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Njoo shuleni Jumamosi. Kuna programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Ile ya mainjinia ni ghali, bei ya madume mawili ya ng'ombe kila mwaka. Hii wanaitoa bure kwa wanaojifunza."

"Mwalimu, mkono huu haushiki hata kijiko."

"Haitaki mkono, mzee. Inataka vipimo."

Zilipita Jumamosi tatu kabla hajaweza kubonyeza mahali alipokusudia. Kipanya kilimkimbia. Mawingu yakitanda, umeme wa jua ulikatika, na kazi yote isiyohifadhiwa ikapotea. Mara mbili aliondoka bila kuaga, akaapa harudi. Akarudi, maana nyumbani hakukuwa na cha kumngoja. Ndipo akagundua jambo. Ukishabonyeza mwanzo wa mstari, unaandika urefu kwa tarakimu, na mstari unatokea wenyewe, umenyooka. Alichora kigoda. Akachora kabati. Akachora nyumba yake, ukuta kwa ukuta, na alipoiona kwenye karatasi, mistari yote imetulia, alilia mbele ya mwalimu bila aibu.

Karatasi ile ilibandikwa katika ofisi ya kijiji. Huko ndiko ilikoonwa na Urban, afisa kijana wa mradi wa maji. Akamfuata mzee hadi nyumbani.

"Mzee, unaweza kuchora na nyingine? Zote za bondeni, kuanzia kanisani kushuka chini."

"Na za juu?"

"Za juu bado. Andika na kimo cha kila paa. Zizi, ghala, makaburi, usiache kitu."

Watu wa juu ya kanisa walinuna. Kwa nini maji yaanzie kwa wenzao? Wa bondeni, hata waliokwishakata tamaa, walianza kumwita mzee "injinia," nusu kwa utani, nusu si kwa utani. Alipita nyumba arobaini na moja, Benedikta akimshikia ncha ya pili ya futi kamba kila alipomaliza kazi za shamba. Waliingia hadi vyumbani. Walikaribishwa maziwa. Gaudensia, mjane mwenye mgongo uliopinda kwa kubeba ndoo, alimwomba amchoree bomba karibu na jiko lake.

"Siwezi kuchora kisichokuwepo, mama."

Lakini Jumamosi alichora kiduara kidogo pale jikoni kwa Gaudensia, akakitazama, akakifuta kabla mwalimu hajakiona.

Chini ya kila karatasi aliandika jina lake. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba mchoro usio na jina ni kama mtoto asiye na baba.

Mkutano uliitishwa Jumatatu mchana, mbele ya ofisi ya kijiji. Urban alikuwa ameunganisha michoro yote ikawa karatasi moja pana, akaibandika ukutani. Watu walisogea, kila mmoja akitafuta paa lake kwa kidole, wakichekana walipolipata. Mzee alikalishwa kiti cha mbele, karibu na mwenyekiti.

"Huyu mzee wenu," alisema Urban, "ametuokolea kazi ya miezi sita. Bila yeye tungekuwa bado tunapima."

Makofi yakapigwa. Benedikta naye alipiga, akiwa amesimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Mzee Nikolausi aliinuka, akaficha mikono nyuma ili isionekane inavyotetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, alihisi kama mtu ambaye bado anahitajika.

"Tuambie basi, mwanangu," Gaudensia aliita kutoka katikati ya watu. "Maji yanakuja lini?"

"Masika ijayo, mama," Urban alijibu. "Ukuta wa bwawa ukikamilika, maji yatajaa bonde lote hadi kwenye ngazi za kanisa. Kwa hiyo kila aliyechorwa hapa awe amehama ifikapo Januari."