Jina la Mwenyekiti

Mstari mwekundu ulitokea kwenye skrini chini ya jina la Longino Komba, ukakataa kufutika.

"Jana haukuwepo," Urban alinung'unika.

Asubuhi ile alikuwa ameweka toleo jipya la kihariri, ile programu anayoandikia programu nyingine. Sasa plagini zake, vijiprogramu vya kumsaidia kazi, zilikuwa zimevurugika. Na saa tisa wanachama wa chama cha kuzikana cha Msamala wangekutana kuamua kama waachane na daftari watumie programu yake. Wakikubali, vyama vingine vinne vilikuwa vinasubiri kumwita.

Alizima plagini zote, akaziwasha moja moja. Ya rangi, salama. Ya kupanga mistari, salama. Ya ukaguzi: nyekundu ikarudi mbio.

"Inasemaje?" aliuliza Hilda, katibu wa chama, daftari mapajani.

"Eti jina limerudiwa."

"Si kweli limerudiwa? Yupo Longino mwenyekiti, na Longino babu yake aliyeanzisha chama."

"Dada Hilda, huku wajukuu wangapi ni wajina wa babu zao? Aliyetengeneza plagini hii yuko ng'ambo, atajulia wapi? Miaka miwili imekaa kimya. Leo kihariri kimebadilika, ndiyo inaanza kubwabwaja. Hivi viwili haviivi chungu kimoja."

"Haya, fundi. Mimi wa kalamu na daftari nitabisha nini?"

Urban akaiondoa plagini ile kabisa. Skrini ikatakata kama sahani iliyooshwa. Akajinyoosha mgongo, akaagiza chai mbili.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alipoingia na fimbo yake, shikamoo zilimpokea kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti.

"Marahaba, wanangu. Fundi, usituchoshe na hotuba. Anza na mimi, nione mmeniandikaje."

Urban aliandika jina, akabonyeza, kisha akaigeuza skrini kuelekea kwa watu bila hata kuitazama. Alikuwa anaangalia nyuso zao, akingoja makofi.

Makofi hayakuja. Hilda alifungua daftari lake taratibu, akatoa kalamu.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Longino Komba. Alizikwa Ruhuwiko, Juni 1998. Jeneza la mninga."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nashukuru," alisema. "Angalau mlinichagulia mninga."