Gazeti la Mzee Shaame

Midahalo ya mji ule naijua kuliko waamuzi wenyewe, ingawa katika mingi nilisinzia nikisubiri kahawa ya mwisho.

Siku ile hoja ilikuwa kwamba watoto wa siku hizi wanawasahau wazazi wao. Mzee Shaame alipinga. Alivaa koti, akainua kipande cha gazeti, akasoma kwamba wazee wanane katika kumi hutembelewa na watoto wao kila mwezi. Watu wakapiga makofi. Mtaa wake ulikuwa unalinusa kombe la midahalo.

"Ushahidi umeupata wapi?" mwamuzi aliuliza, maana kanuni ilitaka hivyo.

"Kaniletea mwanangu jana adhuhuri. Tumekula pamoja."

Kanuni ilitaka pia upande wa pili uukague. Mpinzani wake, Bi Mize muuza vitumbua, alikipokea kile kipande, akakikunjua. Juu ya takwimu palikuwa na madoa mawili ya mafuta, ya mviringo. Akayanusa. Iliki.

"Mzee Shaame," alisema kwa sauti ya chini, "jana adhuhuri ulikuwa kibarazani kwangu. Gazeti hili nimekufungia vitumbua mimi."

"Vilikuwa viwili," mzee alinong'ona. "Kimoja cha mwanangu."

"Vyote umevila palepale, babu. Ukakaa mpaka nikafunga."

Mzee Shaame akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Kutoka mezani kwake mwamuzi aliuliza kama ushahidi umekubaliwa. Bi Mize alikuwa bado amelishika gazeti, kidole gumba chake kimeziba doa moja.